Je, kanuni ya Pythagoras ni ugunduzi wa Pythagoras kweli?

kizio_kimoja ameuliza:

Salaam kwenu nyote.

Nimefundisha jiometri kwa miaka kadhaa, na kila mwaka nimekuwa nikiandika ubaoni sentensi ile ile: kwamba Pythagoras, mwanafalsafa wa Ugiriki ya Kale, aligundua kuwa katika pembetatu mraba, eneo la mraba uliojengwa juu ya hipotenusi, yaani upande unaoikabili pembe mraba, ni sawa na jumla ya maeneo ya miraba iliyojengwa juu ya pande mbili zilizobaki. Mwaka huu mwanafunzi mmoja aliniuliza, kwa nia njema kabisa, "Aligunduaje?" Sikuwa na jibu, nikamwahidi kwamba nitasoma kisha nimrudie.

Nimesoma, na sasa nina maswali mengi kuliko niliyokuwa nayo mwanzoni. Nimekuta kwamba watu wa Babeli waliitumia kanuni hiyo zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Pythagoras kuzaliwa. Nimekuta pia kwamba Pythagoras mwenyewe hakutuachia hata ukurasa mmoja wa maandishi yake. Zaidi ya hayo, nimekutana mara kadhaa na kisa cha Hippasus, ambaye inasemekana alizamishwa baharini na Wapythagoras wenzake, yaani wafuasi wa Pythagoras, kwa sababu alitoboa siri ya ulalo wa mraba (mstari unaounganisha pembe mbili zinazokabiliana), na sijui nikipokee kisa hicho kwa kiasi gani.

Naomba kusaidiwa mambo mawili. Kwanza, ni kitu gani tunachoweza kusema kwa haki kwamba ni cha Pythagoras au cha wafuasi wake? Pili, ikiwa Wababeli walikuwa nayo kanuni tayari, je, Wagiriki waliongeza chochote, au tumezoea tu kuwasifu kwa sababu vitabu vyao ndivyo vilivyotufikia? Sina haja ya kumtetea mtu wala ya kumshusha. Ninachotaka ni kwamba nikiandika sentensi ubaoni, iwe ya kweli.

msoma_vibao amejibu:

Mwalimu, nianze na mtu mwenyewe, kisha nije kwenye kanuni.

Pythagoras alizaliwa katika kisiwa cha Samos yapata mwaka 570 KK. Yapata mwaka 530 KK alihamia Croton, mji wa Wagiriki uliokuwa kusini mwa Italia ya leo, na huko akaanzisha jumuiya ambayo ilishikamana kwa kanuni za maisha, chakula na ibada kama ilivyoshikamana kwa elimu. Kwa kuwa hakuacha maandishi, na wafuasi wake walikuwa na desturi ya kumrudishia yeye sifa ya kila jambo jema lililotoka katika jumuiya, ni vigumu mno kulitenganisha wazo lake na wazo la mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Aristotle, aliyeandika katika karne ya 4 KK, aliliona tatizo hili mapema, ndiyo maana mara nyingi hasemi "Pythagoras" bali "wale waitwao Wapythagoras".

Ushahidi unaomhusisha yeye binafsi na kanuni ya pembetatu umechelewa sana. Kuna kisa kwamba alipopata ugunduzi fulani wa jiometri alitoa kafara ya ng'ombe dume. Cicero, mwandishi wa Kirumi, alikitaja kisa hicho katika karne ya 1 KK na papo hapo akakitilia shaka, kwa kuwa Pythagoras alijulikana kukataa kumwaga damu hata kwenye madhabahu ya Apollo kule Delos. Proclus, katika karne ya 5 BK, akiifafanua Elementi, kitabu cha jiometri cha Euclid, anasema tu kwamba wapo wapendao kusimulia mambo ya kale ambao huihusisha kanuni hii na Pythagoras, kisha anaongeza kwamba yeye humstaajabia zaidi mwandishi wa Elementi. Kati ya Pythagoras na Proclus kuna karibu miaka 1,000.

Sasa tuitazame Babeli. Katika mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Yale kipo kibao kidogo cha udongo kinachojulikana kwa namba yake, YBC 7289, cha kati ya miaka ya 1800 na 1600 KK, chenye ukubwa unaotosha kiganjani. Mwandishi wake alichora mraba pamoja na milalo yake miwili. Kwenye upande mmoja aliandika 30. Kwenye ulalo aliandika kwa kikabari, mwandiko wa alama zilizokandamizwa kwenye udongo, tarakimu nne, 1, 24, 51 na 10, ambazo katika mfumo wao wa kuhesabu kwa sitini maana yake ni 1, kuongeza 24 juu ya 60, kuongeza 51 juu ya 3,600, kuongeza 10 juu ya 216,000. Ukijumlisha unapata 1.414213, yaani kipeuo cha pili cha 2 kwa usahihi ambao kosa lake halifiki hata sehemu moja ya milioni. Chini yake aliandika matokeo ya kuzidisha namba hiyo kwa 30, yaani urefu wa ulalo: 42, 25 na 35, ambayo kwa mfumo wetu ni 42.42639.

Kipo na kibao kingine, Plimpton 322, kilichoko Chuo Kikuu cha Columbia, chenye safu 15 za namba zinazotokana na pembetatu mraba. Mojawapo ya safu hizo ina 12,709 na 18,541. Toa kipeo cha pili cha ya kwanza kutoka kwa kipeo cha pili cha ya pili, na utabaki na kipeo cha pili cha 13,500 bila pungufu wala ziada. Mtu hapati namba kama hizo kwa kubahatisha kwa kamba na vigingi.

Uhindi nako, maandiko ya Sulba Sutra yaliyohusu ujenzi wa madhabahu yanaieleza kanuni hii waziwazi kwa kutumia kamba iliyovutwa kwenye ulalo wa mstatili. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, sentensi yako ya ubaoni haifai. Wagiriki waliikuta kanuni ikiwa tayari imezeeka, na walichofanya ni kuipa jina.

shufwa_na_witiri amejibu:

Nakubaliana na msoma_vibao kwa kila tarehe aliyoitaja, na maelezo yake ya kibao cha Yale nimeyafurahia sana. Ila hilo neno lake la mwisho, kwamba Wagiriki waliipa tu kanuni jina, siwezi kulikubali, kwa sababu linafunika jambo ambalo kwangu ni miongoni mwa hatua kubwa kuliko zote katika historia ya fikra.

Mwalimu, kitazame tena kibao kile. Mwandishi ametoa namba nzuri ajabu. Lakini mtu aliyezoea kutafuta namba iliyo karibu zaidi, na nyingine iliyo karibu zaidi ya hiyo, ana kila sababu ya kuamini kwamba siku moja atafika. Labda kwa tarakimu tano, labda kwa kumi. Hakuna kipimo chochote, hata kiwe kidogo namna gani, kinachoweza kumwambia kwamba safari hiyo haina mwisho. Kulijua hilo kunahitaji kitu cha aina nyingine kabisa, yaani uthibitisho, na huo haumo katika vibao vya Babeli vilivyotufikia. Unaonekana kwa Wagiriki, na inaelekea ulizaliwa miongoni mwa Wapythagoras wa karne ya 5 KK.

Wapythagoras walipenda kufanya hesabu kwa vijiwe. Weka kijiwe kimoja. Kizungushie vijiwe vitatu kwa umbo la pembe, upate mraba wa vinne. Uzungushie vitano, upate mraba wa tisa. Kisha saba, upate kumi na sita. Kwa mchezo huu mtu anaona kwa macho kwamba namba witiri zikijumlishwa kwa mfuatano huzaa namba mraba, na anazoea kuzigawa namba zote katika makundi mawili, shufwa na witiri. Sasa chukua mgawanyo huo na uupeleke kwenye ulalo wa mraba.

Tuseme upande na ulalo vinapimika vyote viwili kwa kizio kimoja, kiwe kidogo upendavyo. Upande uwe na vizio b, ulalo uwe na vizio a, na tuchague kizio kikubwa kuliko vyote vinavyofaa, ili a na b zisiwe zote shufwa; kwani kama zingekuwa shufwa zote, tungekiongeza kizio mara mbili. Mraba uliojengwa juu ya ulalo ni maradufu ya mraba wa kwanza, kwa hiyo a mara a ni sawa na mbili mara b mara b. Basi a mara a ni shufwa. Lakini witiri mara witiri ni witiri siku zote, kwa hiyo a yenyewe lazima iwe shufwa, na b, kwa jinsi tulivyochagua kizio, lazima iwe witiri. Hata hivyo, ikiwa a ni shufwa, ni maradufu ya namba nyingine, tuiite c. Weka hiyo mahali pa a, na utaona kwamba b mara b ni sawa na mbili mara c mara c. Basi b ni shufwa. Namba moja imekuwa witiri na shufwa kwa wakati mmoja, jambo lisilowezekana, kwa hiyo kizio tulichokidhania hakipo.

Huo ndio uthibitisho ambao Aristotle anaugusia anaposema kwamba mtu akidai ulalo na upande vinapimika pamoja, namba witiri zitakuwa sawa na namba shufwa. Anautaja kwa kifupi, kama mtu anayetaja jambo ambalo wasomaji wake wote wanalijua.

Fikiria sasa uzito wa jambo hili kwa watu waliokuwa wamegundua kwamba uzi wa kinanda ukikatwa nusu hutoa sauti ile ile kwa daraja la juu, kwamba uwiano wa 3 kwa 2 na wa 4 kwa 3 hutoa sauti zinazopatana, na ambao kutokana na hayo walijasiri kusema kwamba vitu vyote ni namba. Walichomaanisha ni namba nzima na uwiano kati yake. Halafu, si katika jambo la mbali, bali katika umbo la mraba ambalo mtoto huchora mchangani, wakakuta urefu usio na uwiano wowote na upande wake.

kizio_kimoja ameandika:

Nawashukuru nyote wawili. Nilikaa jana usiku na uthibitisho huo mpaka nikaweza kuuandika bila kutazama, na nakiri kwamba kwa miaka yote niliyofundisha kipeuo cha pili cha 2 nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba tarakimu zake "haziishi" bila kuwaonyesha ni kwa nini tunaweza kuwa na hakika ya hilo.

Bado nina swali. Je, Wagiriki waliujua ulalo kwa kukanusha tu, yaani walijua kile usichoweza kuwa, au walikuwa na njia yao ya kuukaribia? Na Hippasus je?

mpenda_elementi amejibu:

Mwalimu, njia walikuwa nayo, na ni nzuri kiasi kwamba ningekushauri uwafundishe wanafunzi wako kabla ya uthibitisho wenyewe.

Anza na upande 1 na ulalo 1, ingawa ni wazi kwamba hiyo si kweli. Ili kupata upande mpya, jumlisha upande na ulalo. Ili kupata ulalo mpya, jumlisha ulalo na upande mara mbili. Utapata upande 2 na ulalo 3. Kisha 5 na 7. Kisha 12 na 17. Kisha 29 na 41. Kisha 70 na 99. Theon wa Smyrna ameieleza ngazi hii katika karne ya 2 BK, lakini ni ya zamani zaidi, kwa maana Plato katika Jamhuri anautaja ulalo "wa kusemeka", yaani unaotajika kwa namba nzima, wa mraba wenye upande 5, nao ni ile 7.

Sasa linganisha vipeo vya pili. Saba mara saba ni 49, ilhali maradufu ya 25 ni 50: imepungua moja. Kumi na saba mara kumi na saba ni 289, ilhali maradufu ya 144 ni 288: imezidi moja. Arobaini na moja inakupa 1,681 dhidi ya 1,682, imepungua moja tena. Tisini na tisa inakupa 9,801 dhidi ya 9,800, imezidi moja. Panda ngazi hiyo kadiri unavyotaka. Sehemu unazopata ukigawanya ulalo kwa upande zinakikaribia kipeuo cha pili cha 2 mara moja kutoka chini na mara moja kutoka juu, pengo linazidi kuwa dogo, lakini ile moja haiondoki kamwe. Mwanafunzi aliyeiona hiyo moja ikirudi mara sita kwa mkono wake mwenyewe ataupokea uthibitisho wa shufwa na witiri kama jibu la swali lake mwenyewe.

Kuhusu Hippasus wa Metapontum, ningekuomba uwe mwangalifu. Msimuliaji wetu mkuu ni Iamblichus, aliyeishi zaidi ya miaka 700 baada yake, naye hasimulii kisa kimoja. Mahali pamoja anasema Hippasus aliangamia baharini kwa kosa la kutangaza namna ya kuchora ndani ya tufe lile umbo lenye nyuso 12 za pembetano, akajipatia sifa ambayo wenzake waliona ni ya Pythagoras. Mahali pengine anasema mtu aliyewafunulia wasiostahili habari za urefu usiopimika pamoja alifukuzwa na kujengewa kaburi kana kwamba amekufa, na hapo hamtaji kwa jina. Watu wa baadaye waliviunganisha visa viwili wakapata kimoja chenye damu zaidi. Hata hapo kwenye maji, kinachosimuliwa ni adhabu ya miungu. Hao wenzake kumsukuma kutoka chomboni ni nyongeza.

Hata hivyo, pembetano haikuja bure. Mwaka 1945 Kurt von Fritz alipendekeza kwamba huenda Hippasus aliuona urefu usiopimika pamoja katika pembetano, si katika mraba. Chora milalo yote mitano ya pembetano yenye pande sawa na pembe sawa, na katikati itatokea pembetano ndogo iliyopinduka. Chora milalo ya hiyo ndogo, itatokea nyingine. Kizio kinachopima upande na ulalo wa ile kubwa kingelazimika kupima na vya ile ndogo, na vya ile ndogo zaidi, hadi maumbo yawe madogo kuliko kizio chenyewe, jambo lisilowezekana. Ni pendekezo tu la mwanahistoria, lakini nyota inayochorwa na milalo hiyo ilikuwa alama ya Wapythagoras, kwa hiyo walikuwa na sababu ya kuikodolea macho kwa muda mrefu.

msoma_vibao ameandika:

Nimesoma na nimekubali kwamba nilikosea kusema Wagiriki waliipa tu jina. Ningeomba tu kwamba mwalimu asiache kuwaonyesha wanafunzi kibao cha Yale, kwa sababu aliyekiandika alifanya kazi ambayo wengi wetu tusingeiweza bila kikokotoo, na hakustahili kusahauliwa kwa sababu tu swali lake lilikuwa tofauti.

Nami nina swali kwa shufwa_na_witiri. Plato anasimulia katika Theaetetus kwamba Theodorus wa Cyrene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, aliwaonyesha vijana kwamba upande wa mraba wenye eneo la futi 3 haupimiki pamoja na futi moja, wala wa eneo la futi 5, akaendelea na kila mmoja peke yake hadi ule wa 17, kisha kwa namna fulani akakwama. Kwa nini 17?

shufwa_na_witiri amejibu:

Plato hatoi sababu, lakini lipo pendekezo la wanahistoria ambalo mimi limenishawishi, nalo linaturudisha kwenye vijiwe.

Panga mraba wa vijiwe vyenye upande witiri, kwa mfano 5 kwa 5. Ondoa kijiwe cha katikati. Vilivyobaki, 24, unaweza kuvigawa katika mistatili minne ya 2 kwa 3 inayozunguka ile nafasi tupu, na kila mstatili unagawanyika katika pembetatu mbili zinazolingana. Ni pembetatu nane na kijiwe kimoja. Fanya hivyo kwa 7 kwa 7, na mistatili itakuwa ya 3 kwa 4. Kwa hiyo kipeo cha pili cha namba yoyote witiri, kikigawanywa kwa 8, huacha baki ya 1.

Sasa jaribu mraba wa eneo 3. Kama upande wake ungepimika, tungekuwa na a mara a sawa na 3 mara b mara b, na baada ya kurahisisha, a na b zingekuwa witiri zote mbili. Kushoto baki ni 1. Kulia baki ni 3. Haiwezekani. Kwa 5 baki ya kulia ni 5, kwa 7 ni 7, kwa 11 ni 3, kwa 13 ni 5, kwa 15 ni 7. Zote zinapingana na 1. Zile zilizo shufwa, kama 6, 8, 10, 12 na 14, zinamalizwa kwa njia ya ulalo niliyoieleza juu, au kwa kuzirudisha kwenye zile zilizokwisha kuthibitishwa, nazo 4, 9 na 16 ni namba mraba zisizo na tatizo. Unafika 17. Kumi na saba ikigawanywa kwa 8 huacha 1. Kushoto 1, kulia 1, na chombo chako, kilichofanya kazi bila kushindwa hata mara moja, hakina la kusema.

Upande wa mraba wa 17 haupimiki kama ilivyo kwa ile mingine, lakini kwa vijiwe vya shufwa na witiri peke yake hutaweza kulionyesha hilo. Katika mazungumzo hayo hayo ya Plato, aliyepokea kazi pale Theodorus alipoishia ni kijana Theaetetus, ambaye badala ya kuushambulia mraba mmoja mmoja alizigawa namba zote katika zile zinazopatikana kwa kuzidisha namba kwa namba iliyo sawa nayo, na zile zisizopatikana hivyo, akasema kwamba pande za miraba ya kundi la pili lote hazipimiki pamoja na kizio.